Taa Tatu, Betri Moja



Wengi mmeniandikia mkiuliza kwa nini Jumapili iliyopita nilisimama mbele ya kanisa nikaomba msamaha kabla ya kufungua Neno. Nitaeleza, lakini inabidi nianze na gari. Mnivumilie. Wenye magari watapata la kuwasaidia hata wasipofika kwenye sehemu ya toba.

Mnaijua ile Fielder yangu. Imebeba maharusi, imebeba wagonjwa, imebeba vipaza sauti hadi milango ikalegea. Mwishoni mwa mwezi wa sita iliwasha taa kwenye dashibodi, ile ya rangi ya machungwa yenye herufi ABS. Nikampelekea fundi hapa Kitale. Akasema ni sensa ya gurudumu la mbele. Akabadilisha, akaifuta taa kwa mashine yake, nikalipa, nikaondoka nikiimba. Siku ya tatu, asubuhi ya baridi, ikawaka tena. Safari hii haikuja peke yake. Ilikuja na taa ya usukani, na nilipokuwa nakata kona kuingia kanisani usukani ukawa mzito kama wa trekta, halafu ukarudi mwepesi.

Fundi wa pili akasema sensa sasa iache, shida ni boksi la usukani wa umeme. Akaniambia niandae shilingi 28,000 aniletee lililotumika kutoka Japani. Nikasema nipe muda niombe. Juma lililofuata taa ya injini nayo ikawaka. Fundi wa tatu akasafisha njia ya hewa, akafuta taa zote, zikakaa kimya siku mbili. Mke wangu akaniuliza, "Baba, hili gari lina magonjwa mangapi?" Nikamjibu kwamba gari likizeeka ni hivyo. Sikuficha kwenu: usiku mmoja niliweka mkono juu ya dashibodi nikaikemea.

Mafundi wote watatu walikuwa watu wa bidii. Kila mmoja aliisoma taa, akakishika kile kitu ambacho taa ilikitaja. Hakuna aliyefungua boneti akauliza kitu kinacholisha vyote.

Jumamosi ya majuzi nilikuwa na mazishi Bungoma. Nilitoka Kitale saa kumi na mbili asubuhi. Mnajua baridi ya huku mwezi wa saba. Tuko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Gari liliguna kabla ya kuwaka, kama mzee anayeamshwa kwenda shambani. Nikasema limewaka, twende. Nikapita Kiminini, nikafika Kamukuywa, nikasimama kununua ndizi za kuwapelekea wafiwa. Nikazima injini.

Kuwasha tena, nikasikia tik tik tik tik. Taa zote za dashibodi zikawaka, zikafifia, zikawaka. Mshale wa mafuta ukacheza wenyewe. Halafu kimya.

Yule mama wa ndizi akanionyesha kibanda upande wa pili wa barabara. Hapo palikuwa na mzee anayechaji betri za malori na trekta, mikono yake imetobolewa na asidi, shati lina matundu ya miaka. Akaja na kimita kidogo cha kupima umeme. Nikaanza kumhubiria habari za ABS, usukani na njia ya hewa. Akaninyamazisha kwa upole.

"Pasta, pole. Betri hii umeinunua lini?"

Sikuwa na jibu. Nilinunua gari betri ikiwa ndani, na hiyo ni miaka minne iliyopita.

Akaipima gari likiwa limezimwa: 11.9. Akaniambia nijaribu kuwasha huku akiangalia kimita: ikaanguka hadi 7. Akanionyesha vichwa vya betri, vimeota unga wa kijani na mweupe kama ukungu wa mkate. "Tusinunue kabla ya kuosha," akasema. Akafungua vichwa, ule mweusi kwanza kisha mwekundu, akamwagia maji ya moto yenye magadi kidogo, akasugua kwa brashi ya waya, akafunga tena, mwekundu kwanza. Tukajaribu. Ikaanguka hadi 8. "Sasa tumejua," akasema. "Uchafu ulikuwepo, lakini mgonjwa ni yeye mwenyewe."

Nimeandika alichonifundisha, kwa sababu nadhani wengi wetu tumewahi kulipia ujinga huu.

Betri ya gari dogo ina vyumba sita, kila kimoja kinatoa volti 2 na kidogo. Ikiwa nzima na imejaa, baada ya gari kulala usiku kucha utasoma 12.6 hivi. Ukisoma 12.4 iko kama robo tatu. 12.2 ni nusu. 12 au chini yake, iko karibu tupu. Unapowasha, umeme lazima ushuke, maana stata inakula sana. Lakini ukishuka chini ya 9.6, betri haina nguvu ya kubeba kazi, au kuna mahali umeme haupiti vizuri. Injini ikishawaka, magari mengi kama haya yetu yanapaswa kusoma kati ya 13.5 na 14.5, kwa sababu sasa alteneta ndiyo inayolisha gari na kuirudishia betri kilichotumika.

"Ukiwa nyumbani na stima imekuwa chini," mzee akaniuliza, "taa inafifia, redio inakoroma, friji inanguruma. Utaita fundi wa redio?"

Ndani ya gari la kisasa kuna kompyuta ndogo kadhaa: ya injini, ya breki, ya usukani, ya mifuko ya hewa. Kila moja inahitaji umeme usioshuka chini ya kiwango fulani. Ukishuka, hata kwa sekunde moja wakati wa kuwasha, kompyuta inaona mambo yasiyoeleweka na kuwasha taa yake. Haisemi uongo. Inataja yale yanayoonekana kutoka pale ilipo. Usukani wa umeme ndio unaolia mapema, kwa kuwa ukikata kona polepole unadai umeme mwingi kwa mara moja, wakati injini inazunguka taratibu na alteneta haitoi sana. Hapo betri ndiyo inayotakiwa kujazia. Ikiwa imechoka, haijazii.

Nikamuuliza mbona ile taa nyekundu yenye picha ya betri haijawahi kuwaka. Akacheka. Akasema taa ile inachunga kuchaji, yaani alteneta, mkanda wake na nyaya zake. Betri inaweza kuzeeka hadi kufa bila taa ile kuwaka hata siku moja. Kila mtu ndani ya gari atalia kwa niaba yake, na yeye mwenyewe asitajwe.

Hapo kijana mmoja wa boda boda akatoa ushauri: tuliwashe kwa betri nyingine, halafu tung'oe kichwa kimoja cha betri injini ikinguruma; likizima, basi alteneta imekufa. Mzee akamgeukia kwa ukali ambao sikuutegemea. Akasema hiyo ilikuwa dawa ya magari ya zamani. Ukiing'oa betri alteneta ikiwa inazalisha, umeme unaruka juu ghafla na unaweza kuziunguza zile kompyuta zote. "Kimita hiki kinatosha," akasema.

Tukaungana na pikapu ya jirani yake. Waya mwekundu kwenye chanya ya betri yangu, upande wake wa pili kwenye chanya ya betri nzima. Waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho akaifunga kwenye chuma cha injini yangu, mbali na betri, kwa kuwa betri hutoa gesi inayoweza kulipuka cheche ikiruka karibu. Gari likawaka. Akapima: 14.1. Alteneta nzima. "Nenda, usizime mpaka ufike mahali pa kununua betri. Na uombe risiti yenye tarehe."

Nikashuka kupitia Misikhu na Webuye bila kuzima, nikafika Bungoma mjini, nikanunua betri ya saizi ileile. Bei yake haikufika nusu ya lile boksi la usukani. Taa ya usukani ikazimika. Taa ya ABS nikaiona ikizimika nikiwa njiani kwenda kwa wafiwa. Niliwahi mahubiri, hotuba za wanasiasa zilinisaidia.

Sasa, wapendwa, sehemu ya pili. Dada ninayemtaja amenipa ruhusa, na jina lake nimeliacha.

Wiki mbili kabla ya safari hiyo, mimi na wazee tulimsimamisha dada mmoja kutoka uongozi wa wahudumu wa mlangoni. Barua niliandika mimi na ikasomwa mbele ya viongozi wenzake. Ilikuwa na mambo matatu. La kwanza, amechelewa ibada Jumapili sita mfululizo. La pili, alimjibu mgeni vibaya mlangoni hadi mgeni akaondoka. La tatu, hesabu ya pesa za sare haijakamilika. Tulikaa kikao cha saa mbili. Mzee mmoja alishika jambo la muda, mwingine akashika la ulimi, mwingine la pesa. Mimi nikapiga muhuri.

Nilipokuwa nimeketi chini ya hema kule mazishini, yule mzee wa Kamukuywa hakunitoka kichwani. Betri umeinunua lini? Nikakumbuka kwamba dada huyu kwao ni huko huko, ng'ambo kidogo ya Kanduyi. Nikampigia simu nimsalimie tu. Akasema, "Niko huku nyumbani kwa mama, pasta."

Nikaenda. Nilimkuta akifua mashuka uani. Alishtuka kuniona, akafuta mikono kwenye leso, akasema, "Karibu, pasta, pole nyumba haijakaa vizuri." Ndani, mama yake amelala kitandani. Alipatwa na kiharusi mwezi wa tatu, upande wa kulia hausongi. Aliponiona alijitahidi akasema "Mulembe," na hilo neno moja lilimchukua muda.

Dada akanieleza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma orodha ya dukani. Mke wa kaka yake anamtunza mama mwanzo wa wiki. Yeye anafunga kibanda chake cha mboga sokoni Kitale Alhamisi jioni, anapanda matatu kupitia Webuye, anakaa na mama hadi Jumapili alfajiri. Usiku anamgeuza kila baada ya saa mbili, ili asipate vidonda vya kulalia upande mmoja. Jumapili alfajiri anatafuta matatu ya kurudi, na matatu ya alfajiri huondoka ikijaa. Ndiyo maana anafika tukiwa kwenye sifa. Jumatatu hadi Jumatano anauza hadi usiku kufidia siku alizofunga.

Nikamuuliza, "Dada, mara ya mwisho kulala usiku mzima ni lini?"

Akafikiri kwa kweli. Akasema, "Kabla ya Pasaka."

Nikasema, "Mbona hukutuambia?"

Wapendwa, jibu lake ndilo lililonipeleka mbele ya kanisa. Alisema bila hasira, "Niliwaambia, pasta. Mwezi wa nne niliandika kwenye karatasi ya maombi. Mliomba."

Ni kweli. Nikakumbuka. Niliisoma mimi mwenyewe kwenye maikrofoni: tumkumbuke mama ya dada yetu huko Bungoma. Kanisa likasema amina. Tukageuza karatasi, tukaendelea na nyingine. Tangu siku hiyo hadi siku ya barua sikuwahi kumuuliza mama anaendeleaje. Betri ya gari langu haikuwa na taa ya kusema imechoka. Dada huyu aliiwasha yake mapema, kwa mwandiko wake, na sisi tuliiombea tukaondoka.

Nilimwomba msamaha pale pale. Akalia kidogo, halafu akafanya jambo ambalo limenifundisha kuliko mahubiri yangu ya mwaka huu. Akasema, "Kuchelewa na kumjibu mgeni, ni uchovu. Lakini zile pesa za sare, nilichukua 1,400 nikalipa nauli na kununua nepi za mama. Hilo ni kosa langu, sitalitupia uchovu."

Nami nina neno la kuongeza kuhusu gari, maana sijawamalizia. Baada ya betri mpya taa mbili zilizimika. Ya injini ilibaki. Niliporudi Kitale nikaipeleka isomwe upya, ikaonekana sensa ya moshi kwenye ekzosi imekufa kweli. Haikuwa na uhusiano na betri. Nikainunua nyingine. Kwa hiyo sisemi kwamba kila taa ni betri, na sisemi kwamba kila kosa la mtu ni usingizi. Ninasema betri ipimwe kwanza, ndipo taa itakayobaki iweze kuaminika. Kabla ya hapo hujui ipi inasema lake na ipi inasema la mwenzake.

Someni 1 Wafalme 19 leo jioni. Eliya anakimbia, anaogopa, anaomba afe, anaona amebaki peke yake. Ukihesabu, hizo ni taa nne. Malaika hakuanza na hata moja. Alimletea mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, akamwamsha tena ale mara ya pili. Swali la Mungu, lile la kumuuliza anafanya nini hapo, lilimsubiri Horebu, baada ya mwendo wa siku arobaini. Na lilikuwa swali la kweli, lenye kumrudisha kazini na kumsahihisha hesabu yake. Mungu hakuliacha. Lakini hakumuuliza mtu mwenye njaa.

Sisi kwenye kikao chetu tuliuliza maswali ya Horebu kwa mtu aliyekuwa bado chini ya mretemu.

Mambo yamekuwa hivi. Barua imefutwa, na kwa kuwa ilisomwa mbele ya watu, nimeifuta mbele ya watu. Zile 1,400 dada anazirudisha kidogo kidogo kwa mhasibu, kwa ombi lake mwenyewe. Niliposema kanisa lisamehe, alikataa. Wamama wawili wa idara ya mlangoni wamepanga zamu ya kwenda Bungoma Ijumaa kwa Jumamosi, ili apate kulala hata usiku mmoja kwa wiki. Gari litakalowapeleka ni hilo la kwangu, sasa linawaka kwa mara moja hata baridi ikiwa kali.

Kwa wenye magari, nimalizie kwa ufupi:

1. Ukiwasha swichi kabla ya injini, taa nyingi huwaka kidogo kujipima. Hilo ni sawa. Tatizo ni ile inayobaki baada ya injini kuwaka.

2. Taa mbili tatu zisizohusiana zikiwaka kwa pamoja, hasa asubuhi ya baridi au baada ya gari kuguna, pima betri na uoshe vichwa vyake kabla ya kununua chochote. Tazama pia tarehe iliyogongwa kwenye betri.

3. Mwambie fundi akuandikie namba za hitilafu kabla ya kuzifuta. Namba P0562, kwa mfano, inasema umeme wa gari uko chini. Ikifutwa bila kusomwa, umelipia kuficha habari.

4. Taa nyekundu ya oili au ya joto la injini ikiwaka, simama mahali salama na uzime. Hiyo usiisingizie betri. Na taa ya breki ikibaki, usibebe watoto wa watu kabla haijakaguliwa.

Kwa sisi sote, wenye gari na wa matatu: kuna mtu nyumbani kwako au kazini kwako ambaye umekuwa ukilalamikia mambo yake matatu. Kabla ya kikao, kabla ya ile meseji ndefu uliyoiandika jana usiku na bado hujaituma, mpigie. Muulize amelala lini, amekula nini, nani anamsaidia. Halafu kaa hapo usikie jibu. Na kama mtu huyo ni wewe, sema. Ukishasema tukaomba tukasahau, sema tena. Nimejifunza kusikiliza mara ya pili.

Baba, utusamehe tulipomhukumu aliyekuwa amechoka. Uwape nguvu wote wanaogeuza wagonjwa usiku, na utufanye sisi kuwa miguu ya maombi yetu wenyewe. Katika jina la Yesu, amina.

Mwenye ombi aliandike hapo chini. Safari hii nitakuuliza wiki ijayo limefikia wapi.

Mchungaji wenu, Kitale.